Kangaga la Memsahibu

Watu wakiingia barazani kwangu wakaona sina hata kopo moja la maua, huniuliza, "Bibi, mbona wenzio wamepanda mpaka kwenye masufuria mabovu, wewe huyapendi?" Nawajibu kwamba maua nayapenda yakiwa nje, yanakula jua na mvua ya Mungu. Ndani ya nyumba yangu hayaingii. Wanacheka, wanasema uzee huo. Leo nitaeleza, maana nimechoka kuchekwa na watoto niliowafunga nepi.

Zama hizo tunatawaliwa na Mwingereza, miaka michache kabla ya vita vya pili, nilikuwa mwali. Nasema mwali wa Kizaramo, si hawa wa siku hizi wanaowekwa ndani wiki moja na redio pembeni. Kwetu Kisarawe binti akivunja ungo alitiwa chumbani, akakaa humo mpaka wakubwa waridhike kwamba amefundika na chakula cha ngoma kimepatikana. Wengine miezi, wengine mwaka na zaidi. Haonwi na mwanamume, haongei kwa sauti, hacheki. Hata baba yake mzazi hasemi naye. Baba akiwa na neno humwambia kungwi, na kungwi ndiye amfikishie mwali, hata kama wote watatu wametenganishwa na ukuta wa udongo tu na kila mmoja anamsikia mwenzake anavyopumua.

Kungwi wangu alikuwa bibi yangu, mzaa mama. Mama alifariki nikiwa sijaota meno ya pili, bibi akahamia kwetu kunilea. Alikuwa mwanamke mwenye mkono mwepesi wa kufinya na macho mazito ya kuona. Baba alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja pale kilimani. Alitoka alfajiri na kurudi jioni, akinukia vitunguu na sabuni.

Chumba changu kilikuwa cha katikati, hakina dirisha. Juu ukutani kulikuwa na tundu lisilozidi sahani, na alasiri jua lilipenya hapo, likashuka ukutani polepole, likazimika. Saa yangu ilikuwa hiyo. Nilikuwa na mkeka, mtungi, kata, na kile kitoto cha mti ambacho kila mwali wa kwetu hupewa akilee, akipake mafuta kama mwana wa kweli. Nikitaka kitu niligonga mtungi kwa kata, bibi akaja. Akikasirika haji.

Niliingia masika yalipoanza, na ahadi ilikuwa nitoke mpunga ukishavunwa. Ahadi hiyo ndiyo iliyonishika roho isipasuke. Nililala nikiwaza njia ya bondeni tunakochota maji, nikiwaza kukimbia tu, sina niendako, nikimbie basi. Bibi alisema, "Subira yavuta heri." Kimoyomoyo nilimjibu, hiyo heri na ije basi, kwani imepotea njia?

Mwezi wa pili wa kukaa kwangu nikamsikia baba anahema uani kama aliyebeba gunia. "Mama," akamwita bibi, "mwambie mwali ana mgeni."

Bibi akatoka, akaangua kicheko. "Ebo! Mgeni mwenyewe ndiyo huyu kangaga? Haya si ndiyo majani tunayoyakanyaga kule mtoni?"

"Hili limetoka Ulaya kwa meli."

"Likakimbia nini huko?"

Lilikuwa kangaga kweli, lakini la aina ya peke yake. Vijiti vyake vilikuwa vyeusi, vyembamba kama unywele, na vijani vyake vidogo, laini, vinatetemeka hata ukipumua karibu. Memsahibu, mke wa yule Mzungu wa baba, alikuwa anakwenda kwao likizo na mumewe, miezi mingi. Nyumba ilikuwa inafungwa. Akamkabidhi baba ua lake, akamweleza masharti, na baba akayaleta yote mlangoni kwangu huku akimwelekezea bibi maneno.

"Halitaki jua. Halitaki upepo, halitaki moshi. Ukilikausha siku mbili linakufa, ukililowesha mno linaoza. Linataka mahali penye kiza kidogo na ubaridi, na mtu wa kulitazama kutwa."

"Basi huyo ni mwali," bibi akasema. "Mtieni ndani na mwenzake."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikuruhusiwa kucheka, wala sikuwa na hamu.

Kazi yenyewe nilijifunza kwa kidole. Asubuhi, kabla sijanawa, nilitia kidole kwenye udongo wa chungu mpaka ukucha uzame. Ukitoka na unyevu, unaliacha. Ukitoka mkavu, unalinywesha, tena si kwa kumwagia juu kama bamia. Unatia maji kwenye karai, unakalisha chungu ndani yake, udongo unajinywea wenyewe kwa chini kupitia tundu la kitako. Ukiona juu pamekuwa peusi unakitoa haraka, kisije kikalala majini. Maji yawe ya mvua yaliyokingwa, si ya kisima chenye chumvi. Chini ya chungu niliweka kokoto kwenye sinia, nikazilowesha ili ubaridi upande juu. Jani likigeuka kahawia unakata kijiti chake chinichini kwa kucha. Bibi alihamishia jiko uani kwa ajili ya moshi, akanung'unika kutwa kwamba tangu azaliwe hajapata kufukuzwa jikoni na jani.

Siku za kwanza, nisiseme uongo, lilinichangamsha. Lilikuwa kitu cha kufanya. Kijiti kipya kilipoota kilitoka kimejikunja, kikajikunjua siku kwa siku, nami nilikaa nikikitazama kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama. Likanawiri. Baba akauliza kila jioni, "Mama, mwali anasemaje, mgeni hajambo?" Bibi akajibu, "Hajambo, anamshinda mwenyeji."

Kisha mpunga ukavunwa. Nikasikia ngoma za wenzangu wawili tulioingia karibu pamoja. Wa kwanza akatolewa, vigelegele vikapita nyuma ya nyumba yetu. Wa pili akatolewa. Nikakaa mkao wa kuitwa. Nilikwisha kukunja mkeka wangu.

Aliyekuja ni mjomba, kaka yake mama. Mnajua mjomba kwetu ni nani. Baba ni walii kwa sheria ya dini, lakini mwenye mtoto ni mjomba, na akisema neno baba hupangusa mdomo akanyamaza. Nikamsikia barazani, hata kahawa hajanywa.

"Shemeji, mwali anatoka lini?"

Baba akasema, "Ningemtoa leo, shemeji. Lakini nina mali ya Mzungu humo ndani. Hakuna mwingine awezaye kuiangalia, chumba kingine kina upepo na jua. Likifa lile, sijui nitafanywa nini. Memsahibu akirudi tu, mwali anatoka."

"Atarudi lini?"

"Hata mimi hakuniambia."

Mjomba akaguna. Angeweza kumkatalia baba lolote duniani, lakini kwa Mzungu alikwama. Siku zile nani angesema mali ya Mzungu ife?

Mimi ndani nilijitia kanga mdomoni nisipige kelele. Sasa nasema wazi, kwa kuwa wote wamekwisha tangulia mbele ya haki: nilimchukia baba yangu. Nilimchukia mpaka mlio wa miguu yake. Mzee mzima ananifungia mwanawe kwa ajili ya jani la watu! Na mjomba ndiye aliyekuwa mtetezi wangu. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja kuniulizia, na kila Ijumaa baba akarudia maneno yaleyale, mali ya Mzungu, mali ya Mzungu, mpaka nikawa nayajua kabla hayajamtoka. Nikawa namwombea mjomba umri mrefu.

Miezi ikapita, kiangazi kikakaza. Kuta zilinisogelea. Nililijua kila jiti la ukuta ule, nililijua lililoliwa na mchwa na linaloanza kuliwa. Ngozi yangu ilikuwa nyeupe ya kutisha, na bibi alisifia, "Mwali umeiva!" Nimeiva nini, mimi ni ndizi?

Ndipo nikaamua kuliua. Niliwaza vizuri, sikukurupuka. Likifa, hakuna mali ya Mzungu. Hakuna mali ya Mzungu, natoka. Nikaacha kulinywesha. Alasiri, jua lilipoingia tunduni, nikakisogeza chungu palepale lilipoangukia, na kila lilivyosogea nami nikalifuata nacho. Bibi akiuliza, "Umempa maji mgeni?" natikisa kichwa kwamba ndiyo. Kiza na macho yake yale, angeona nini?

Siku ya nne lilikuwa limekwisha. Vijani vilikunjamana, vikawa kahawia, ukivigusa vinapukutika. Sikusikia huruma hata chembe. Nilikaa mkekani nikingoja kugunduliwa kama mtu anayengoja mgeni wake wa heri.

Bibi aligundua kwa ufagio. Alikuwa anafagia akashika takataka kiganjani, akazinusa, akazipeleka mlangoni penye mwanga. "Yallah!" Akarudi akanifinya paja mpaka nikaona nyota. "Mwana mpumbavu wee! Unataka baba yako afungwe? Unajua Mzungu wewe?" Akatoka mbio kumngojea baba njiani.

Jioni baba hakuja barazani. Alikuja nyuma ya nyumba, upande wa ukuta wangu, nikasikia anashika udongo wa ukuta kwa kiganja. Nikajikunja, nikangoja matusi.

"Mama," akasema. Bibi alikuwa ndani na mimi. "Mwambie mwali achukue kisu akate vijiti vyote. Vyote, mpaka udongoni, asionee huruma hata kimoja. Kisha alikalishe majini mpaka lishibe, alirudishe kizani. Hayo ya juu yamekufa, lakini shina lake huwa halifi upesi."

Bibi hakunifikishia, ya nini, nilisikia yote. Nikadhani baba amekwenda. Kumbe bado.

"Mama, mwambie mwali namwomba."

Sijapata kusikia, kabla ya hapo wala baada yake, baba wa Kizaramo akimwomba binti yake. Nikasema moyoni, tazama anavyomwogopa Mzungu wake, hana haya. Lakini nilichukua kisu. Nililikata lote, likabaki chungu cha udongo na visiki vyeusi kama ndevu zilizonyolewa jana. Nilifanya kwa ajili ya neno lile la kuniomba. Kumsamehe sikumsamehe.

Kunywesha chungu kitupu ni kazi ya wendawazimu. Kila asubuhi kidole, kila ikibidi karai, na hakuna kinachoonekana. Bibi alisema tunapikia maiti uji. Wiki ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna. Baba akauliza kila jioni, na bibi akajibu, "Bado," na baba akasema, "Haidhuru, asichoke." Wiki ya tatu nikatia kidole, nikagusa kitu kigumu kidogo kinachosukuma udongo. Nikainama mpaka pua ikagusa chungu. Kilikuwa kimejikunja, kina manyoya membamba, hakizidi punje ya mtama.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilikuwa mfungwa na nilifurahi kwa sababu ya pingu zangu. Mvua za vuli zilipoanza lilikuwa limejaa kuliko lilivyokuja, limefunika chungu chote, linamwagika pembeni.

Memsahibu akarudi. Nilijua kabla sijaambiwa, kwani baba alianza tena kwenda kilimani, na siku tatu mfululizo alichelewa sana kurudi. Siku ya nne akaja naye nyumbani.

Bibi aliposikia viatu uani alichanganyikiwa. Mwali haonwi na mgeni, lakini nani angemwambia Mzungu asiingie? Akanitupia kanga mbili kichwani, akanisukuma pembeni. Memsahibu akainama mlangoni, akaingia, baba akabaki kizingitini amegeuza uso ukutani kwa heshima. Nilimwona mama yule kwa upenyo wa kanga. Alipiga magoti sakafuni penye mavumbi, akalishika kangaga kwa mikono miwili, akasema maneno ya kwao.

"Mpishi," akasema kisha, Kiswahili chake kile cha kupigana na ulimi, "hii nzuri sana. Nzuri kupita ya zamani. Mimi hapana chukua. Nyumba yangu iko upepo mingi. Kaa hapa hapa. Mimi takuja angalia kila mwezi."

"Ndiyo, memsahibu," baba akajibu upesi. Upesi mno, kama jibu lilikuwa limesimama mlangoni.

Kila mwezi! Nikaona kuta zile, jiti kwa jiti, mwaka mwingine, na mwingine. Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta nimetupa kanga chini na ninapiga kelele, mimi niliyekuwa sijapandisha sauti tangu masika.

"Lichukue! Silitaki! Lichukue leo hii, la sivyo nitalivunja mbele yako!"

Bibi akajipiga kichwani. Memsahibu akarudi nyuma kidogo, akanitazama, kisha akageuka kumtazama baba. Alimtazama kwa muda, kama anayemwuliza tufanyeje. Baba alikuwa amenigeukia. Sikuwa nimeuona uso wake tangu niingie. Alikuwa amezeeka, na alikuwa ananitikisia kichwa taratibu, hapana, hapana. Nikamkazia macho. Nilisema moyoni, leo nimekuweza.

"Basi," memsahibu akasema kwa sauti ndogo. "Mimi tachukua."

Mjomba alipata habari siku ileile. Hakungoja Ijumaa. Alisema mwali amekwisha onwa na mgeni, amepaza sauti, hakuna tena cha kungojea, na safari hii mali ya Mzungu haikuwamo ndani. Bibi akaniogesha dawa ya kuondoa mkosi. Alhamisi asubuhi nikabebwa mabegani, nikatolewa nje kwa ngoma na vigelegele. Jua liliniumiza macho mpaka nikalia, watu wakasema analia kwa furaha, na walisema kweli. Wakubwa walipomaliza mambo yao nilitoroka nikashuka bondeni. Nilikimbia kama nilivyojiahidi, sina niendako. Miguu ilikuwa mizito, nikaanguka mara mbili, nikainuka nikacheka kwa sauti.

Ijumaa asubuhi bibi akanisuka, akaniambia, "Leo unaozwa." Hivi hivi. Mwali haambiwi mambo ya posa, nami nilikuwa sijauliza, nilikuwa nimeshughulika na kutoka. Baada ya swala ndoa ikafungwa. Nilichungulia penye ua nikamwona akija barazani kwetu kupewa mkono wa heri, mfanyabiashara wa Kongowe, kule Kibaha, rafiki wa mjomba. Ndevu zake zilikuwa nyeupe zote. Alimzidi baba yangu umri. Nyumbani kwake nilitanguliwa na wake wawili, na mkubwa wao, nilikuja kujua baadaye, alikuwa na mjukuu.

Jumamosi alfajiri tukajiandaa kuondoka. Jumla nilikaa nje siku mbili.

Baba alikuwa uani ananifungia mkeka kwa kamba. Sasa alikuwa na ruhusa ya kusema nami. Mimi ndiye niliyeanza, maana hasira yangu ilikuwa haijaisha, na ilikuwa imepata nyingine ya kuishika mkono.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka kukuuliza. Lile jani la Mzungu, ungenifungia nalo mpaka lini?"

Akakaza fundo. Akalifungua, akalifunga tena.

"Mpaka yule mtu wa Kongowe achoke kungoja," akasema. "Mjomba wako alikwisha pokea posa yake kabla hujaingia ndani. Mimi sikuwa na neno la kumzuia mjomba wako. Nilikuwa na lile jani tu."

Nikasema, "Lakini memsahibu mwenyewe alisema libaki."

"Nilimwomba," baba akasema. "Siku tatu nilimwomba."

Mjomba akaita kutoka njiani kwamba jua linapanda na Kongowe si karibu. Baba akainua mkeka, akanitwika kichwani, akanishika bega mpaka nilipopata mizani. Nikaenda.